Mbio Zilizokupita Hazilipwi Kama Saumu

Miongoni mwa vijana wa msikiti wetu hapa Usangi yumo aliyeazimia kukimbia kilomita 21 katika mbio za Kilimanjaro, zifanyikazo Moshi kila mwaka karibu na mwisho wa Februari. Alijipangia ratiba ya wiki 12, akaibandika ukutani. Wiki ya sita mama yake akaugua. Yeye ndiye aliyempeleka hospitali, akakata majani ya ng'ombe, akapika. Siku 19 hakukimbia kabisa, wala msikitini hatukumwona ila Ijumaa.

Mama alipopata nafuu, kijana alizihesabu kilomita zilizompita kama mtu ahesabuvyo siku alizokula Ramadhani, akaanza kuzilipa. Asubuhi alikimbia mgawo wa siku ile. Jioni aliteremka barabara ya Mwanga kulipa deni. Siku ya tano muundi wa mguu wa kulia ulimuuma hata akasali ameketi kitini.

Tulikaa naye baada ya Isha. Tuliolelewa katika kuchunga nyakati za ibada huteleza hapa kwa urahisi. Saumu iliyokupita ni deni. Mbio zilizokupita humdai nani? Mwili haupokei malipo ya mkupuo. Aliyekosa wiki moja hupoteza kidogo mno, basi na aendelee pale ratiba ilipofika. Aliyekosa wiki mbili au tatu arudi nyuma, aanze na kama nusu ya umbali aliouzoea, aongeze kidogo kidogo. Miteremko yetu aiache hadi mwisho, kwani kushuka huumiza misuli kuliko kupanda. Na siku ikiwa imekaribia mno, huko Moshi zipo pia mbio za kilomita 5, wala si aibu.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena naye akashindwa, na Mtume akasema kwa mzaha kuwa sasa wamelipana. Kubadilika kwa mwili hakukuwazuia kukimbia pamoja.

Ramadhani nayo, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11, huweza kuangukia miezi hii hii ya mazoezi. Anayefunga hutosheka na nusu saa ya mwendo wa taratibu karibu na magharibi, maji yakiwa jirani.

Kijana wetu ameibandua ile ratiba. Kwa sasa anatembea tu, asubuhi, pamoja na mama yake, hadi sokoni na kurudi.