Ukuta Unaosema Kikwao: Kanisa la Ukumbusho la Murang'a

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sikwenda Kangema kutafuta habari ya gazeti. Nalikwenda kumjulia hali mwalimu wangu wa hesabu, aliyenifundisha Mombasa nikiwa kijana, na ambaye baada ya kustaafu alirudi kwao mlimani kulima chai. Lakini niliyoyaona huko naona si vyema kuyaweka moyoni peke yangu.

Mtu wa pwani afikapo Kangema kwanza husumbuliwa na baridi, kisha na vilima. Kwetu jicho hukimbia hadi baharini bila kizuizi. Huko, kila ukivuka mto wakabiliwa na mwinuko mwingine, na chai imetandazwa kama busati la kijani. Siku ya pili Mwalimu aliniambia, "Mwanangu, wewe wapenda mambo ya kale. Twende mjini Murang'a nikuonyeshe kanisa letu."

Nilisita kidogo. Nikamwambia kwamba tangu chuoni nimefunzwa kuwa sura ya chenye roho haiwekwi mahali pa sala, nami nilikwisha kusikia kwamba kanisa hilo limejaa picha. Akacheka. "Sikukuita kusali," akasema. "Nimekuita kutazama."

Tukateremka. Njiani alininyoshea kidole upande wa Tuthu, kwenye miinuko ya Nyandarua. Huko ndiko mapadri wa Consolata kutoka Torino, Italia, walikosoma misa yao ya kwanza tarehe 29 Juni 1902, wakiwa wageni wa Karuri wa Gakure. Mwaka uliofuata wamishonari wa Kianglikana nao walifungua kituo chao Weithaga. Wote hao walishukia Mombasa kwanza. Kwa hivyo dini hiyo ilipita mlangoni petu ndipo ikapanda mlima.

Tulipofika, miguu yangu ilifanya ilivyozoea: nikavua viatu mlangoni. Mtunza kanisa akanitazama kwa upole akasema, "Mzee, hapa twaingia navyo." Nikavivaa tena, lakini moyoni nikahisi kama ninakosa adabu.

Kanisa hilo ni la Kianglikana, nalo huitwa Kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Lilijengwa katika siku nzito. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na vilima hivi vikageuka uwanja wa vita. Kulikuwa na Wakikuyu Wakristo waliokataa kula kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakauawa. Kanisa likakusudiwa liwe ukumbusho wao. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Mwaka huohuo, tarehe 15 Mei, Fisher aliwaweka wakfu Festo Olang' na Obadiah Kariuki kuwa maaskofu huko Namirembe, Uganda. Waafrika wa kwanza kutoka Kenya kupewa daraja hiyo katika kanisa lao.

Mtu angedhani kwamba kanisa lililowekewa msingi na mkubwa wa dini kutoka Uingereza lingepambwa kwa sura za Kizungu. Sivyo. Kazi ya kuta alipewa kijana Elimo Njau, Mchaga aliyezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1932, na aliyesomea uchoraji Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Bi Margaret Trowell. Kazi ilimalizika mwaka 1959. Miaka michache baadaye, mwaka 1965, Njau na wenziwe walianzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi.

Picha ni tano, nazo ni kubwa mno, zimeshika ukuta kama mapazia. Ya kwanza ni ya kuzaliwa, ya pili ya ubatizo, ya tatu ya karamu ya mwisho, ya nne ya bustani ya Gethsemane, na ya tano ya kusulubiwa. Ama katika hiyo ya tano, msomaji Mwislamu anajua itikadi yetu kuhusu Nabii Isa, alayhi salaam, na sina haja ya kuirudia. Mimi nilitazama kazi ya mkono wa mtu, wala sikuingia humo kufanya mjadala.

Lililonishika ni hili: hakuna Mzungu ukutani. Mama na mwanawe ni watu weusi. Wanafunzi ni watu weusi. Vilima ni vilima hivi tulivyovipita asubuhi, na msitu ni msitu wa huku. Bibi wa kijijini asiyejua kusoma, akiinua macho, anajiona yeye na kwao. Tena hayo yalichorwa Kenya ikiwa bado mikononi mwa Waingereza, miaka minne kabla ya uhuru.

Nilikaa kitini nikafikiri. Jambo hili si geni duniani. Katika mji wa Chartres, Ufaransa, liko kanisa la Kikatoliki lililoungua mwaka 1194 na kujengwa upya, sehemu yake kubwa ikasimama kufikia kama mwaka 1220. Kanisa hilo linasifika kwa madirisha yake ya vioo vya rangi, ambamo buluu yake imewashinda wengi kuiga. Wakulima wa zama hizo wengi hawakujua kusoma. Vioo ndivyo vilivyokuwa kitabu chao. Na mafundi wa vioo waliwaweka humo watu wa mjini kwao: waoka mikate, wachinjaji, washona viatu, kila mmoja na kazi yake mkononi. Manabii waliozaliwa nchi za Sham wakaonekana kama jirani wa Mfaransa. Njau alifanya Murang'a waliyoyafanya mafundi wa Chartres karne saba kabla yake.

Nasi je, watu wa pwani? Hatukuweka sura misikitini, lakini hatukuazima kila kitu kutoka ng'ambo. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa kwa matumbawe ya bahari yetu. Katika msikiti mkuu wa Gedi, mihrabu ilipambwa kwa bakuli za Kichina. Na pale Gedi, juu ya mlango mmoja wa msikiti, umechongwa mkuki wenye bapa pana, silaha ya Mwafrika wa bara hii. Aliyeuchonga hakuona kwamba Uislamu wake umepungua. Alikuwa akisema tu: nyumba hii ni ya Mwenyezi Mungu, na sisi tunaomwabudu humu ni wenyeji wa hapa. Watunzi wetu nao walifanya kadhalika kwa kalamu, wakazitia habari za mitume katika tenzi za Kiswahili hadi akina mama wakazihifadhi jikoni.

Nilipomweleza Mwalimu mawazo haya, alitikisa kichwa, akanyamaza muda mrefu. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakupata kunieleza miaka yote ile darasani.

Baba yake alikuwa na ndugu wawili. Mkubwa alikuwa mtu wa kanisa. Alikataa kiapo, akauawa usiku mwaka 1953. Mdogo aliingia msituni Nyandarua na wapiganaji, wala hakurudi. Bibi yao alikuwa akija katika kanisa hili kila alipopata nauli, na daima alikaa mbele ya picha ya mama na mtoto. "Siku moja," Mwalimu alisema, "alinivuta mkono akaniuliza: Hapa anakumbukwa mmoja. Yule wangu wa pili amewekewa ukuta gani?"

Sikuwa na jibu, na Mwalimu hakuwa nalo siku ile. Chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, hakukabidhiwa jamaa zake wamzike. Sanamu yake ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007, na mnara wa walioteswa wakati wa hali ya hatari ukafunguliwa Uhuru Park mwaka 2015. Bibi yule alikuwa amekwisha kufa.

Waama, nyumba ya ibada hubeba mambo mawili: dini ya watu na majeraha yao. Ukuta wa Murang'a umezipa sura za Kiafrika habari zilizotoka mbali, nayo ni kazi kubwa inayostahili kutunzwa isiharibike. Lakini ukuta huohuo ulijengwa upande mmoja wa ugomvi wa ndugu, na mwenye haki yake amwulize ni nani aliyesahauliwa.

Tulipotoka, jua lilikuwa linazama. Nikamwomba Mwalimu anielekeze msikiti wa mjini. Alinisindikiza hadi mlangoni, akaketi nje kwenye ukingo akinisubiri nisali Magharibi. Nilipovua viatu nilisikia akisema taratibu, "Niombee na huyo wa pili." Nikaitikia, "Inshallah, Mwalimu," nikaingia.