Njia za mtandao katika seva yenye miunganisho miwili

Njia za mtandao katika seva yenye miunganisho miwili ni mpangilio unaoiambia seva ipitishe pakiti zake kwenye muunganisho upi wa intaneti, pale inapokuwa na zaidi ya mmoja.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ziko mbali na pwani ambako nyaya za baharini huingia nchini. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Rusumo na Kabanga wilayani Ngara, ambako unaungana na Rwanda na Burundi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Kwa hiyo kununua huduma kwa kampuni mbili zinazotumia mkongo uleule si kinga kamili. Setilaiti ni njia tofauti kweli, ingawa ile iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta huchelewesha jibu kwa takriban nusu sekunde.

Tatizo

Tuseme seva ya hospitali ina anwani 192.0.2.10 kwenye mkongo na 198.51.100.10 kwenye setilaiti. Kwa kawaida jedwali la njia hufuata njia kuu moja tu, hapa ile ya mkongo. Mtu akiifikia seva kupitia anwani ya setilaiti, jibu hutokea upande wa mkongo likiwa na anwani ya setilaiti. Kampuni ya mkongo huona anwani isiyo yake na mara nyingi huitupa pakiti hiyo. Mtumiaji hudhani seva imekufa, kumbe miunganisho yote miwili ni mizima. Fundi asiyejua jambo hili anaweza kubadilisha waya na rauta siku nzima bila mafanikio.

Utatuzi

Tangu toleo la 2.2 la mwaka 1999, Linux inaweza kuwa na majedwali kadhaa ya njia na kuchagua moja kwa kuangalia anwani ya mtumaji:

ip route add default via 192.0.2.1 table 101
ip route add default via 198.51.100.1 table 102
ip rule add from 192.0.2.10 table 101
ip rule add from 198.51.100.10 table 102

Sasa kila jibu hutoka kwa mlango ambao ombi liliingilia. Kwa mawasiliano yanayoanzishwa na seva yenyewe, jedwali kuu huwekewa njia mbili zenye namba tofauti za kipaumbele. Yenye namba ndogo hutumika kwanza.

Namba hizo pekee hazitoshi. Mkongo ukikatika mbali, waya kati ya seva na rauta bado ni mzima, na seva huendelea kutuma pakiti zisizofika. Huhitajika programu ndogo inayopima kila mara kama kompyuta ya mbali inajibu, na kuiondoa njia iliyokufa. Amri hizi pia hupotea seva inapozimwa, jambo la kukumbukwa sana penye umeme wa kukatika, hivyo huandikwa kwenye faili la mipangilio ya mtandao.