Nyigu wa Chini ya Muhogo

Wiki iliyopita mjomba alinipigia kutoka Tandahimba. Panzi wameanza kula muhogo pembeni mwa shamba, naye anataka hela ya dawa apulizie shamba zima. Nilimwomba kwanza anipe dakika chache nimweleze kilichomo ardhini mwake.

Panzi huyu tunamjua sote: mzito, wa rangi kali, ukimshika ananuka. Wataalamu humwita Zonocerus elegans. Majike hukusanyika mahali pamoja, kila mmoja akataga mayai ardhini ndani ya kifuko cha povu linalokauka. Mayai ya panzi yana adui wake: nyigu wa jenasi ya Scelio, wenye urefu wa milimita chache tu. Jike hukitafuta kifuko udongoni, akaingiza yai lake ndani ya yai la panzi. Buu akianguliwa hulila yai hilo kwa ndani. Palipotazamiwa tunutu, hutoka nyigu.

Kupe humnyonya mbuzi na mbuzi akaendelea kuishi. Nyigu huyu hakui mpaka aliyemhifadhi afe.

Wako wengine wa tabia hiyo. Afrika Magharibi, Zonocerus variegatus, ndugu wa panzi wetu, huliwa akiwa hai na mabuu wa nzi Blaesoxipha filipjevi. Huku Texas ninakoishi yupo nzi Ormia ochracea. Usiku huufuata mlio wa nyenje dume, akamwachia mabuu wanaopenya mwilini. Kisiwani Kauai, Hawaii, nzi huyo amewaandama nyenje hata sasa madume wengi wana mabawa yasiyotoa mlio.

Sisi tuliolelewa kwa muhogo tuna deni kwa nyigu. Mdudu kidung'ata alipokuwa akiumaliza muhogo wa Afrika, nyigu Anagyrus lopezi aliletwa kutoka Paraguay, akaachiwa Nigeria mwaka 1981, akaenea nchi nyingi. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Dawa ikipulizwa shamba zima haichagui. Panzi hufa, na nyigu hufa. Lakini tunutu wa panzi huyu hukaa kwa makundi, na asubuhi kabla ya jua kukolea huwa wazito kuruka. Hapo wanaweza kukusanywa na kuuawa bila kugusa shamba lote.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema kesho ataamka mapema, aende na wajukuu na ndoo.