Twita zilikufa njiani Utende: jinsi ya kuoanisha amplifaya na spika za gari

Leo naomba tuongelee muziki kwenye gari, maana naona vijana wengi hapa Mafia tunachoma hela bila sababu. Na kwetu kuchoma spika sio mchezo. Ukitaka nyingine uvuke maji mpaka Nyamisati, upande gari mpaka Dar, uzunguke Kariakoo, halafu urudi.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Braza wangu alivusha Noah. Kama gari nyingi zinazotoka Japani, redio yake haikushika stesheni zetu nyingi, kwa sababu Wajapani FM yao inaanzia 76 na redio za zamani zinaishia 90, wakati ya kwetu inafika 108. Tukang'oa redio, tukasema kwa kuwa tumeshafungua dashibodi tuweke na amplifaya kabisa. Tulinunua moja Dar, boksi limeandikwa wati 1000. Spika nne, kila moja imeandikwa wati 300. Tukajiona tumemaliza.

Wiki hiyo hiyo gari ikapata kazi ya harusi, Kilindoni kwenda Utende. Nusu ya njia twita zikaanza kukwaruza, mara kimya. Bwana harusi akafika kwake kwa honi tu, na braza akarudisha nusu ya hela aliyolipwa.

Kila mtu alisema, "Amplifaya ilikuwa kubwa mno." Jibu likawa kinyume chake. Ilikuwa ndogo, na sisi tukailazimisha.

WATI ZIPI HIZO?

Kwenye boksi kuna wati za aina mbili. Zile namba kubwa zenye neno MAX au PMPO ni za kuuzia. Ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na wakati mwingine hata hiyo haipo. Namba ya kutafuta ni yenye herufi RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaihimili muda wote. Spika ya MAX 300 mara nyingi RMS yake ni 40 au 50 tu. Ukiona kwenye boksi la amplifaya kumeandikwa CEA-2006 au CTA-2006, hapo una sababu ya kuamini, maana ni kanuni ya kupima wati kwa masharti yanayofanana: spika ya omu 4, umeme wa volti 14.4, na sauti isiyozidi asilimia 1 ya uchafu.

Kama haijaandikwa RMS, angalia fyuzi iliyochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Fyuzi haidanganyi. Ya kwetu ilikuwa moja tu ya ampea 20. Zidisha na volti 13.8 za gari ikiwa imewashwa, unapata wati 276. Hizo ndo zinazoingia. Amplifaya za kawaida karibu nusu inapotea kama joto, kwa hiyo zinazotoka ni kama 140. Gawa kwa spika nne, kila moja inapata 35. Sasa hiyo 1000 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mashine ya kuchapa maboksi! Amplifaya za aina ya D zinapoteza kidogo, unaweza kuhesabu asilimia 80 ya kinachoingia.

AMPLIFAYA NDOGO INACHOMAJE SPIKA?

Sauti ni mawimbi yanayopanda na kushuka. Ukiongeza sauti kupita uwezo wa amplifaya, wimbi linagonga dari na kukatwa kichwa. Kilele kinakuwa bapa. Wimbi lililokatwa mpaka likawa la mraba linabeba nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kimo kile kile, kwa hiyo amplifaya ya wati 35 inaanza kutema mpaka 70, tena chafu. Na ule uchafu mwingi ni sauti nyembamba, ambazo zinakwenda moja kwa moja kwenye twita. Twita ina waya mwembamba kama unywele. Inachemka, inakatika. Basi.

Ndo maana sauti ikianza kukwaruza, punguza hapo hapo. Usisubiri wimbo uishe.

OMU NAZO

Omu ni kipimo cha ukinzani, kimepewa jina la Mjerumani Georg Ohm aliyetoa kanuni yake mwaka 1827. Omu zikiwa chache, umeme unapita mwingi. Spika nyingi za gari ni omu 4, za nyumbani mara nyingi ni 6 au 8. Spika ya nyumbani kwenye gari haitaunguza kitu, ila ile ya omu 8 itapata karibu nusu ya wati.

Hatari iko upande wa pili. Spika mbili za omu 4 ukiziunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 2. Ukiziunga kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, inaona 8. Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachokubali. Na ukiamua kubriji, yaani chaneli mbili zisukume sabufa moja, kila chaneli inaona nusu ya omu. Sabufa ya omu 4 inakuwa kama 2. Kwa hiyo amplifaya nyingi ukibriji zinataka omu 4 au zaidi. Ukiweka sabufa mbili za omu 4 sambamba kwenye chaneli zilizobrijiwa, subiri moshi.

SASA OANISHA

1. Chukua RMS ya spika. Tafuta amplifaya ambayo kila chaneli inatoa RMS hiyo hiyo kwa omu zile zile, au zaidi kidogo. Spika ya 50, amplifaya ya 50 mpaka 75 kwa chaneli ni sawa, mradi usiwe na mkono mzito.

2. Usikimbilie wati, angalia desibeli za spika. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni. Spika ya desibeli 90 kwa wati 1 inapiga sawa na ya 87 iliyopewa wati mara mbili. Kwa bajaji yenye betri ndogo hii ni muhimu kuliko yote.

3. Kile kitufe cha GAIN sio cha kuongeza sauti. Ni cha kulinganisha redio na amplifaya. Kizungushe mpaka chini, redio iweke robo tatu ya sauti, besi na treble ziwe sifuri. Panda taratibu mpaka usikie mkwaruzo wa kwanza, kisha rudi nyuma kidogo. Ukiwa na mita ya umeme, chomoa spika, piga mlio wa hezi 1000, pima volti za mkondo geu kwenye chaneli. Kwa wati 50 na omu 4: 50 mara 4 ni 200, kipeuo chake cha pili ni 14.1. Ikifika volti 14.1, acha.

WAYA, FYUZI NA CHUMVI YETU

Waya mkuu wa chanya utoke kwenye betri ukiwa na fyuzi yake isiyozidi sentimita 45 kutoka betri. Bila hiyo, waya ukichunika kwenye bati la gari unawaka, na gari inaungua yote. Fyuzi ile iliyo kwenye amplifaya haikusaidii hapo, iko mbali.

Pia kwangua waya kwa kisu kabla ya kununua. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu, na kwa hewa ya chumvi ya hapa inaoza haraka. Chukua shaba tupu, na vichwa vya betri upake grisi.

Braza sasa ana amplifaya iliyoandikwa RMS 50 mara nne. Boksi lake halina mbwembwe, na kelele ni ndogo kuliko tulivyozoea kuota. Ila imeshapiga harusi kadhaa na twita ziko hai. Kabla hujatoa hela yako, muombe muuzaji akuonyeshe fyuzi. Akikataa, ondoka.

Mafundi wenye ya kuongeza, uwanja ni wenu hapo chini. Nawakilisha.