Mtongwe: historia ya kutembelewa kwa miguu

Mgeni akija Mombasa hupelekwa Fort Jesus na Mji wa Kale. Sisi wa Mtongwe, ng'ambo ya Kilindini, huonekana hatuna la kuonyesha. Ndiyo sababu, jioni nyingine baada ya swala ya alasiri, mimi huwachukua vijana wa mtaa tukatembea hadi kivukoni.

Tukianza, huwaeleza kuwa hapa Mtongwe wataalamu kutoka Japani walichimbua zana za mawe za watu wa kale, walioishi kabla ya mji wowote wa pwani kujengwa. Kisha tunapita upande wa kambi ya Jeshi la Wanamaji, lililozinduliwa mwaka wa 1964. Hapo simu hubaki mfukoni.

Mwisho ni kivukoni. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa watu kupita kiasi, wengi wakienda kazini kisiwani, ilipinduka karibu na nchi kavu. Walikufa watu 272. Hapo mimi hunyamaza, nikamwachia mzee aliyefiwa siku ile. Akitaka husimulia, asipotaka, tunawaombea dua marehemu tukarudi.

Darasani, 272 ni hesabu tu. Kijana akisimama ufuoni akaona maji yalivyo karibu, huelewa kwa nini abiria wahesabiwe kabla chombo hakijang'oa.

Waliokuwa watu wazima mwaka ule sasa ni wazee, na kila mwaka tunawazika. Jioni wako barazani. Nendeni na watoto mkawaulize.