Je, Wajua? Siku Mbili Kwenye Mizabibu ya Cape

Je, wajua kuwa mvinyo wa Afrika Kusini una tarehe ya kuzaliwa? Tarehe 2 Februari 1659, Jan van Riebeeck, kamanda wa Waholanzi huko Cape, aliandika katika shajara yake kwamba siku hiyo zabibu za huko zilikamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza.

Je, wajua kuwa Stellenbosch, mji wa mizabibu, uko kilomita 50 hivi kutoka Cape Town? Wengi huenda na kurudi siku hiyohiyo. Hawaufaidi. Lala huko usiku mmoja, kesho yake uhamie mji jirani wa Franschhoek.

Je, wajua nani aliyeanzisha ziara za mashamba ya mvinyo huko? Mwaka 1971, wakulima wa Stellenbosch, akiwemo Frans Malan wa shamba la Simonsig, waliiga walichokiona Ufaransa wakaunganisha mashamba yao kuwa njia moja ya wageni. Siku hizi mashamba ni mengi hadi mgeni anajipangia sita kwa siku. Matatu yanatosha! Piga hesabu: ukionja aina tano kila shamba, mililita 30 kila moja, ukimaliza la tatu umekunywa mililita 450, zaidi ya nusu chupa. Na sheria inataka damu ya dereva iwe na kileo chini ya gramu 0.05 kwa mililita 100.

Dawa yake? Tema. Chombo kilichopo mezani ni cha kazi hiyo, na mabingwa wa kuonja hutema bila haya.

Je, wajua kuwa Franschhoek ina tramu ya mvinyo tangu 2012? Unashuka shambani, unaonja, unakula, kisha unapanda inayofuata.

Je, wajua kuwa Pinotage ni zabibu iliyozaliwa hukohuko? Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alipandisha Pinot Noir na Cinsaut. Anza na hiyo. Chardonnay utaipata popote.

Je, wajua kuwa Ntsiki Biyela, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo nchini humo, hakuwa ameonja mvinyo kabla ya kwenda kuusomea Stellenbosch? Sasa ana kampuni yake, Aslina, jina la bibi yake.

Je, wajua kuwa shamba la Vergenoegd Löw lina mabata zaidi ya elfu moja wanaokula konokono wa mizabibu? Hutoka kwa gwaride. Wapeleke watoto.

Na kati ya Franschhoek na Paarl utapita gereza alikotoka Nelson Mandela tarehe 11 Februari 1990. Sanamu yake ipo langoni. Simama hapo kabla ya glasi ya kwanza, si baada ya ya tano.

Kuhusu chakula: mlo mkubwa uwe wa mchana, palepale shambani, na meza uiagize mapema, hasa Desemba na Januari. Usiku kula kidogo. Bakshishi ya mhudumu ni asilimia 10 hadi 15. Asiyekunywa kileo asibaki hotelini. Yapo mashamba yanayoonjesha maji ya zabibu.

Je, wajua kuwa Cape huvuna mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Januari au Februari? Dodoma huvuna mara mbili.