Masisi na Walikale: Esansi ya chupa inasaidia wengi, lakini inaweza kuchoma nyumba nzima

Kwenye njia ya Sake kwenda Masisi, na kuelekea machimbo ya Walikale, stesheni za mafuta ni chache. Esansi inapanda kwa pikipiki ndani ya bidoni za plastiki, kisha inauzwa kwa chupa pembeni ya barabara na wale raia wanaowaita "Kadhafi". Bila wao, wamotari hawatembei na jenereta zinazimika. Hatari inaanza usiku, bidoni inapoingizwa chumbani, karibu na mbabula na watoto wanaolala.

Kivu inajua bei ya kosa hilo. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu ya Kusini. Watu walisogea kuchota, wengine walikuwa karibu wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliua zaidi ya watu 230. Mjini Goma, Januari 2002, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, makumi ya watu walikufa stesheni moja ilipolipuka wakati raia wakichukua mafuta.

Kinachowaka kwanza ni mvuke wa esansi. Unatoka hata kwenye baridi ya milima ya Masisi, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ufikie kibiriti, sigara au mbabula, hata kama viko mbali na bidoni. Petroli ya taa haitoi mvuke wa namna hiyo kwa urahisi. Ndiyo maana kuitia esansi kunaweza kulipua taa mkononi.

Kwa muuzaji: weka bidoni nje ya nyumba, kivulini, zimefungwa vizuri, mbali na jiko. Usimimine usiku kwa mwanga wa mshumaa. Zima pikipiki au jenereta, ngoja ipoe, ndipo ujaze. Usivute esansi kwa mdomo, maana ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali.

Moto ukiwaka, usimwagie maji: esansi inaelea juu yake na moto unasambaa. Kama ni mdogo, tupia mchanga au udongo mkavu. Kama ni mkubwa, toa watu na uache mali.

Nguo za mtu zikishika moto, mlaze chini, abingirike, mfunike kwa blanketi nzito. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Vua pete na nguo, ila zile zilizoganda kwenye ngozi ziache. Usipake dawa ya meno wala mawese. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali.

Lori likianguka, kimbia mbali, kwa upande upepo unakotoka, na uzuie wengine wasisogee. Katika vijiji ambako hospitali ni saa nyingi kwa pikipiki, dakika za kwanza ziko mikononi mwa majirani.